Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jiji la Tanga: Mtuachie Mahali pa Kukaa Jioni

Kwa Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Jiji la Tanga,

YAH: STAREHE ZA MKAZI MWENYE KIPATO KIDOGO

Kwa heshima na taadhima nawasalimu. Mimi ni mshonaji wa nguo, mkazi wa Ngamiani, mama wa watoto wawili, na mama yangu mzazi anaishi nami. Kazi yangu hupamba moto Ramadhani inapokaribia na shule zinapofunguliwa, kisha hupoa mpaka nikawa nakaa pembeni ya cherehani kama mtu anayeuguza mgonjwa. Hata hivyo sijawahi kujihesabu miongoni mwa waliokosa starehe, kwa sababu Tanga ni mji unaojua kumburudisha mtu asiye na kitu mfukoni. Naandika kuwaeleza starehe hizo tunazipataje, zimesimama juu ya nini, na kwa nini naziona zikituponyoka kidogo kidogo bila ya mtu yeyote kukusudia kutunyang'anya.

Nichukue Jumapili moja tu iliyopita. Baada ya alasiri tulitoka nyumbani watu wanne kwa miguu, mama akiwa mbele kwa kuwa goti lake ndilo linaloamua mwendo. Barabara za Ngamiani zina namba, kwa hiyo mwanangu mdogo alizihesabu kwa sauti mpaka tukaifikia reli, ile ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Tukavuka, tukaingia upande wa mjini, tukaenda kukaa Bustani ya Jamhuri, mahali ambapo mtu anaiona bandari, meli zilizotia nanga na Kisiwa cha Toten bila ya kuulizwa tiketi. Njiani tulinunua mihogo ya kukaanga yenye chachandu, bajia, kashata, kahawa ya mama, na bilauri mbili za juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, ambazo watoto waligawana kwa vita. Hesabu yote ilikuwa shilingi 2,900. Mia iliyobaki waliigombania mpaka nikairudisha mkobani.

Wakati wa kurudi tulikuta harusi imefunga mtaa, turubai limetandwa, vipaza sauti vinapiga taarabu na wanawake wa sare moja wanatunza. Hatukuwa tumealikwa. Tulisimama pembeni kama wanavyosimama watu wote wa mwambao penye shughuli isiyo yao, na hazikupita dakika kumi mama mmoja akatuvuta mkono, akatukalisha mkekani, akaleta sinia la pilau. Sijui mpaka leo yule bibi harusi alikuwa binti wa nani. Tulifika nyumbani saa tatu usiku tukiwa tumeshiba, tumesikiliza muziki na tumeiona bahari, na gharama yake haikuzidi ile shilingi 2,900.

Mama yangu huniambia kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Alikuwa msichana mdogo miaka ya 1960, wakati mji huu ulipokuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi ambazo watu wa mikoa mingine walizisikia redioni na sisi tulizisikia dirishani. Kiingilio cha dansi kililipwa na waliovaa suti. Watoto wa Ngamiani walisimama nje ya ukumbi, wakacheza juu ya mchanga muziki ule ule uliokuwa ukichezwa ndani juu ya saruji, na mlinzi aliwafukuza pale tu walipoanza kupanda ukuta. Ilikuwapo pia taarabu ya Black Star na Lucky Star, ambayo haikuwa na kundi kubwa la wapiga fidla kama ile ya Unguja. Ilikuwa ya watu wachache, gitaa la umeme, besi na mdundo wa kuchezeka, na ikavuka mpaka Mombasa na Dar es Salaam kwa sababu mtu wa kawaida aliweza kuicheza. Mimi si mtaalamu wa muziki, lakini naamini mtindo ule ulizaliwa hapa kwa kuwa mji wenyewe ulikuwa wazi: kilichopigwa ndani kilisikika nje, na wa nje walikuwa wengi kuliko wa ndani.

Waheshimiwa, nimeirefusha habari hiyo kwa makusudi. Wengi wenu mnapoandaa mipango ya burudani mnafikiria mambo ya kujenga: ukumbi, hoteli, uwanja wa michezo ya watoto wenye geti. Hayo ni mema, nasi tukipata fedha tutaingia. Lakini burudani ya watu wengi wa mji huu haijengwi, inakuwapo yenyewe, na inachohitaji kutoka kwenu ni mambo manne au matano ya bei ndogo ambayo hakuna mwananchi anayeweza kujifanyia peke yake: mahali pa kukaa, mwanga, choo, ufukwe usiofungwa na kibali kisichochosha.

Nianze na mahali pa kukaa, kwa sababu ndipo penye kidonda. Kwa miaka mingi mzee mmoja alikuwa akiuza kahawa katika kona moja ya mji, sitaitaja kona wala aliyetoa amri. Alikuwa na dele lake juu ya jiko la mkaa, ndoo ya kusuuzia vikombe, sahani ya kashata na mabenchi mawili ya mbao. Watu walikaa pale kucheza bao na dhumna, kusoma gazeti moja wakiwa wanane, kubishana juu ya Coastal Union na African Sports, na kutegeana vitendawili na mafumbo ya mashairi. Siku moja mgambo walikuja, wakayabeba mabenchi, wakamwambia ahamie sokoni. Alihamia. Kahawa anauza bado, lakini watu wake hawakumfuata, kwa kuwa kibanda cha viatu kinaweza kuhamishwa na mteja akakitafuta, ilhali kahawa haitafutwi. Kahawa humkuta mtu pale alipokwishakaa. Sasa kona ile ni safi kabisa na haina mtu.

Nisieleweke vibaya. Mwishoni mwa mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipopangwa upya nchi nzima, mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, kwa sababu mama aliwahi kutumbukia mtaroni akikwepa mitumba iliyotandazwa njiani, na lile goti ninalolitaja ndipo lilipoharibikia. Njia ya miguu ni ya miguu. Ninachoomba ni kwamba mpango wa jiji umtofautishe anayeziba njia na anayewakalisha watu. Muuza kahawa, mkaanga mihogo wa jioni, mwenye mashine ya miwa na muuza madafu wanahitaji eneo dogo karibu na mahali watu wanapopumzikia, kwa saa zinazojulikana, na ada moja inayojulikana. Tulishauona mfano wake: vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 viliuzwa kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na uzuri wake mkubwa ni kwamba mtu alilipa mara moja akalala usingizi. Kinachompandishia bei muuzaji ni ile hofu ya kila siku ya kutojua nani atakuja na stakabadhi gani, nasi walaji ndio tunaoilipia hofu hiyo ndani ya bajia.

Zipo pia fedha ambazo kisheria halmashauri hutenga, asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi ninavyovifahamu huambiwa walete andiko la kufuga kuku au kutengeneza sabuni. Kuku na sabuni si vibaya, lakini sijaona kikundi kilichoshauriwa kununua mabenchi, meza, ndoo za maji tiririka na taa za sola kikapika vyakula vyetu wenyewe jioni: mkate wa kumimina, vitumbua, supu ya pweza, samaki wa kukaanga aliyenunuliwa asubuhi ile ile soko la Deep Sea, machungwa ya Muheza yaliyomenywa, maziwa ya mgando. Mgeni akiniuliza leo ale wapi chakula cha Tanga usiku bila kuingia hotelini, inanibidi nimpeleke nyumba kwa nyumba.

Nahamia ufukweni. Mwaka jana tuliteremka upande mmoja wa bahari, watoto wakaingia majini, mimi na mama tukakaa mchangani. Akaja mlinzi wa nyumba moja ya wageni, kijana mstaarabu wa maneno, akasema: "Samahani sana mama, hapa tunaruhusu wateja. Mkiagiza hata soda mnaweza kubaki." Soda ile ilikuwa bei ya mihogo ya watu wanne. Tuliondoka, na njiani mwanangu akaniuliza bahari ni ya nani. Swali hilo nawaletea ninyi. Ninachojua ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Najua sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, haikutungwa kwa ajili ya miguu ya mama yangu. Lakini mita 60 zikiheshimiwa kwa ajili ya mazingira, mama atapata mahali pa kukaa bila ya kutungiwa sheria yake.

Jambo hili lina haraka, na sababu yake mnaijua kuliko mimi. Bandari imeongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Fedha zikija, viwanja vya mbele ya bahari ndivyo vinavyonunuliwa kwanza, na uzio ukishajengwa kwa matofali hauvunjwi kwa barua ya mshonaji. Naomba kabla ya hapo jiji lipime na kutangaza njia za umma za kuteremkia baharini, kuanzia Raskazone na kuzunguka pwani yote ya mji, kila njia ikiwa na kibao kinachosomeka kwa Kiswahili kwamba hapa ni pa wote. Kibao tu. Mlinzi yule mstaarabu akikiona, atakuwa na jibu la kumpa tajiri wake.

Sasa choo, na wanaume mtanisamehe kwa maneno yafuatayo. Starehe ya bure ya mwanamke katika mji huu hupimwa kwa kibofu. Mwanaume akiwa bustanini anajua kona. Mwanamke anajua saa tu, na saa hiyo ikifika huwakusanya watoto na kuondoka, hata kama ngoma ndiyo kwanza imeanza. Tumekwisha kuzoea kulipia choo, na hatulalamikii mia mbili au mia tatu kikiwa safi na kina maji. Mkikipa kikundi cha wanawake kukiendesha kila mahali penye mapumziko, nacho kikafungwa saa nne usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, mtaona bustani zikijaa wanawake bila ya tangazo lolote. Ndivyo ilivyo kwa taa. Taa moja inayowaka mahali pa kukaa ina faida kubwa kuliko kumi zinazomulika magari, kwa sababu mtu hutembea mahali anapomwona mwenzake.

Kuhusu kibali nina kisa kimoja. Wanawake wa mtaa wetu, mimi nikiwa mtunza fedha wao, tulitaka kupiga dufu na kuimba katika eneo la wazi jioni moja, bila kiingilio, bila pombe, tukimaliza saa mbili na nusu usiku. Ofisi ya kwanza ilitupeleka ya pili, ya pili ikauliza mwaliko wa mgeni rasmi uko wapi, ya tatu ikataka barua kutoka ya kwanza. Wiki tatu baadaye tulikata tamaa, tukafanya uani kwa mmoja wetu, watu wakakosa pa kusimama. Wakati huo huo vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, viliendelea kama kawaida, kwa kuwa wenye vigodoro hawaombi kibali, huomba radhi. Utaratibu wa namna hii humwadhibu anayeutii. Naamini kuna haja ya kuwa na eneo moja, pengine viwanja vya Tangamano, na jioni moja ya kila wiki, ambamo kikundi chochote cha mji kikijiandikisha kwa Afisa Utamaduni kinapangiwa zamu bila ya malipo: dufu, kwaya, ngoma za Wadigo, Wabondei na Wasambaa, vijana wa kufokafoka, sarakasi, wasoma mashairi. Saa nne usiku kila mtu kwake. Bagamoyo, mji mdogo kuliko wetu, una tamasha la sanaa la kila mwaka tangu miaka ya 1980, lililokulia katika chuo cha sanaa ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Sisi hatuna chuo hicho, lakini hatuombi tamasha, tunaomba Alhamisi.

Zipo na starehe za kujua, ambazo kwa maoni yangu ndizo za bei rahisi kupita zote na ndizo tunazozitupa. Mwezi Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, wengi wao askari waliotoka India, yaliteremka Raskazone kuuteka mji huu, yakarudishwa baharini na jeshi dogo zaidi la Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, na nyuki walioghadhibishwa wakawachoma watu katikati ya mapigano hata vita ile ikapewa jina lao. Wageni husafiri kuja kuiona njia hiyo. Watoto wangu waliipita mara mia bila kujua chochote mpaka fundi baiskeli mmoja alipotusimulia, akiwa anaziba pancha. Boma la Kale lina makumbusho madogo ya Urithi Tanga. Tongoni, kwenye njia ya Pangani, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Na upande huo huo wa kusini, Vibambani, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, naye amezikwa Machui. Mtoto wa Tanga anakariri beti zake darasani bila kuambiwa kwamba angeweza kufika kaburini kwake kwa baiskeli na kurudi kabla ya magharibi. Najua baadhi ya vituo hivyo haviko chini ya jiji, na Mapango ya Amboni yana kiingilio chake ambacho sikigusi. Lakini jiji linaweza kuomba siku moja ya mwezi iwe ya wakazi, na linaweza kuwapa vijana wachache wa mtaani mafunzo na fulana ili Jumamosi waongoze watu kwa miguu kutoka stesheni hadi Raskazone, mwananchi akilipa kile alichojaliwa.

Mpira nautaja kwa kifupi, maana watoto wangu hawatanisamehe nisipoutaja. Ile desturi ya "fungulia mbwa", ya kufungua mageti ya Mkwakwani dakika za mwisho ili wasio na tiketi waingie, isifutwe kwa kisingizio chochote. Nusu ya mashabiki wa mji huu walilelewa nayo.

Neno la tahadhari, kwa sababu nawafahamu watu wa mipango. Mtakapotaka kutengeneza, msitutengenezee mpaka tukaondoka. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilikarabatiwa vizuri sana na kufunguliwa tena mwaka 2009, ina taa, ukuta wa bahari na mapishi ya jioni yanayosifiwa dunia nzima. Nilipokwenda kumtembelea shangazi yangu nilifurahi kuiona, ila nililazimika kuuliza bei mara mbili, ya kwanza kwa lafudhi ya mgeni na ya pili kwa lafudhi yangu. Tukipata mgeni wa Chongoleani mwenye fedha, karibu sana, tutakaa naye benchi moja. Lakini bei iandikwe kwenye ubao, iwe moja kwa wote.

Sijaomba jengo lolote katika barua hii, na nimejitahidi nisiombe kitu ambacho kinasubiri bajeti ya mwaka ujao. Mabenchi yaliyochukuliwa kwenye ile kona, kama bado yapo stoo, yanaweza kurudi kesho asubuhi. Yalikuwa mawili, ya mninga, moja lina mguu uliofungwa kwa waya.

Majibu yenu yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata yatatufikia. Napita pale kila Jumatatu nikienda kuchukua vitambaa.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mshonaji wa Ngamiani, Tanga